Seti ya mvua ya vipande viwili, nimeivaa Nairobi mpaka Mombasa masika haya: koti safi, suruali bado

Wenye haraka nawapa jibu hapa hapa, koti ni zuri na pesa yako utaiona, suruali ina shida na shida yenyewe iko mahali pabaya. Nilinunua seti nzima shilingi 3,500 duka moja la vifaa vya pikipiki hapa mjini, ile ya bluu yenye mistari ya rifleta mgongoni na mikononi, nikaja nayo kutoka Nairobi mpaka nyumbani Likoni, peke yangu na pikipiki yangu Boxer 150, kilomita kama 480 hivi. Kwa hivyo hapa siongelei kuivaa kutoka Nyali mpaka Tononoka, mwendo ule hata ujifunike mfuko wa taka utafika mkavu.

Koti kwanza. Ligeuze ndani nje, utaona mishono yote imepigwa tepu ya plastiki, nyembamba inang'aa, na hiyo tepu ndio kitu cha kuangalia dukani kabla hata hujauliza bei. Lebo yake imeandikwa 5,000 mm na wengi wetu twaiona ile namba twadhani ni pambo tu, kumbe maana yake ni kwamba kitambaa kinahimili maji ya kimo cha mita 5 ndio kianze kupenyeza. Lakini kilichopimwa ni kitambaa, mshono haukupimwa, na mshono bwana ni matundu ya sindano mwanzo mpaka mwisho. Bila tepu ile namba ni ya kuuzia tu.

Zipu ya mbele imefunikwa na mikunjo miwili, maji yakipita wa kwanza yanashuka katikati yanatokea chini. Shingoni hapakuingia kitu. Mikononi kuna lastiki kwa ndani halafu kibandiko cha kunata kwa nje, na hapa sikiza, glavu zinaingia chini ya mkono wa koti, usizivae juu, ukivaa juu maji yote yanayoteremka kutoka begani yanaishia ndani ya glavu na unaendesha huku umeshika maji.

Manyunyu yalinianza Emali yakanishika mpaka Makindu, nikaingia pale kwa hekalu la Masingasinga, lile la tangu 1926, wasafiri wanakula bure na hakuna anayekuuliza wewe dini gani, unavua viatu unafunika kichwa unakaa chini. Nilipovua koti shati lilikuwa kavu kabisa, wallahi mpaka nikajipongeza kwa kununua. Dengu, chapati, chai ya maziwa, nikaondoka nimeshiba.

Sasa Mtito Andei kuja Voi mvua hakuna, jua limetoka na barabara yatoa mvuke, na ndio nikajua kasoro ya hii PVC, yaani plastiki ya seti yenyewe, haipumui hata kidogo. Kuvua nako pale ni kazi, kulia Tsavo kushoto Tsavo, na wale tembo wekundu wa vumbi wanavuka wakitaka wao, sio mahali pa kusimama na suruali imekwama magotini. Nikavumilia. Kufika Voi shati la kukamuliwa. Kwa hivyo mkisikia mtu asema reinkoti yake yavuja muulizeni kwanza alilowa wapi, jasho linaanza mgongoni na kwapani na kusambaa, uvujaji unakuja na mstari, unafuata mshono. Hili langu la Voi lilikuwa jasho, koti silionei.

Maungu nikaona wingu la upande wa bahari limekaa jeusi. Nikasimama kwa hoteli ya barabarani ninywe chai, yule mama akaniangalia tangu helmeti mpaka gambuti.

"Mwanangu, na masika yote haya watoka wapi?"

"Nairobi, mama."

"Na kina mamako wajua?"

Nikacheka nikalipa chai. Mbele kidogo Mackinnon Road nikaingia msikitini, pale kwenye kaburi la Sayyid Baghali ambapo madereva wengi hawapiti bila kusimama kuomba dua ya safari, nami sikupita. Na mvua ikaanza nikiwa natoka.

Kutoka Taru, Samburu mpaka Mariakani ilikuwa ni kumwaga, na Taru ndugu zangu ni nyika kavu, udongo haunywi haraka, maji yanakatiza barabara kama yana haki ya njia. Ukiongeza trela za bandarini ndio balaa, kwa sababu mvua ya mbinguni inakuja juu, koti linaizuia, lakini trela likikupita linakurushia maji ya barabarani, ya oili na matope, yanatoka chini yanapanda, na hayo yanakutana na suruali. Nyuma ya trela usikae, huoni chochote na yeye hakuoni, aidha umpite ukiwa na nafasi ya kutosha au umwache aende zake.

Hapo Samburu ndio suruali ikaonyesha kasoro yake. Maji yanashuka kifuani kwa koti, yanateremka juu ya tangi, yanakuja kukusanyika kwenye siti katikati ya mapaja, yaani unakaa kwenye kidimbwi. Halafu uzito wako wote uko juu ya kile kidimbwi unayasukuma maji, na pale pale, kwenye makutano ya miguu miwili, ndipo mafundi wao wamekutanisha mishono minne na tepu ikaishia sentimita chache kabla haijafika! Nimeipindua nyumbani nikaangalia kwa tochi, kweli tepu haikufika. Maji yakaingia, baridi, na sio mahali pa kuingia baridi na bado una Mazeras na Miritini mbele yako. Koti la kukinga kifua kila mtu anajua kutengeneza, mpanda pikipiki analowa anapokalia, sijui kwa nini hawa watengenezaji hawamweki mmoja wao kwenye siti wakammwagia ndoo ya maji kabla hawajaleta sokoni.

Lingine la suruali, mguu wa kulia hauna kitambaa cha kuzuia joto kwa ndani, na ekzosi ya Boxer iko kulia. PVC na ekzosi hawapatani, imeyeyuka kipande cha ukubwa wa kiganja na ile harufu sitaisahau. Seti nyingine sokoni zina kiraka hapo, iulizie.

Gambuti sina neno, ni zile za kawaida za shambani, ila suruali ivaliwe nje ya gambuti, ukichomeka ndani umejijazia ndoo mbili. Kioo cha helmeti kikishika ukungu kifungue kiasi cha kidole kimoja tu, usikubali kifunguke zaidi. Na wenye breki za drami kama mimi, ukitoka kwenye maji mengi zibane kidogo kidogo huku waenda mpaka zikauke, usingoje lori lifunge breki mbele ndio ujue hazishiki.

Feri Likoni ilikuwa imejaa, na ile njia ya chuma ya kushukia ikilowa ni sabuni, nikateremka nikasukuma pikipiki kwa mguu. Vijana wa boda pale wakaniuliza bei ya koti kabla hata ya salamu, mmoja akanishika mkono wa koti akaupindua kutafuta tepu, huyo anajua.

Suruali nikaipeleka kwa fundi wa pancha jirani. Akapiga msasa kidogo pale kwenye makutano, akapaka salusheni, akabandika kipande cha tyubu ya ndani cha mviringo, shilingi 100, na mvua ya juzi nimekaa nayo kutoka Ukunda kuja feri haijapitisha. Ni nzito kidogo ukikaa, unaihisi, lakini kavu. Dukani niliwapelekea picha, muuzaji akasema "pole kaka, hizo ndio zilivyokuja," kurudisha hawarudishi ukishavaa. Ila koti wanaliuza pia peke yake shilingi 2,000. Ningekuwa nanunua leo ningechukua hilo, suruali nikatafuta ile isiyo na mshono katikati, ipo, ni ghali zaidi kidogo.