Kibubu cha mbao cha fundi wa Langoni: nyota nne, na ya tano ameila mdudu

Hiki si kile kisanduku cha nakshi na vioo wanachouziwa wageni barabara ya ufuoni. Ni kibubu kitupu cha mbao, kimepigwa randa tu, kina tundu moja juu la kupitishia noti iliyokunjwa, na chini kimepigiliwa misumari. Fundi anayevitengeneza ana karakana ndogo kichochoroni Langoni, Lamu, na kazi yake hasa ni milango na vitanda. Vibubu hutengeneza kwa vipande vinavyobaki. Nililipa Sh600 cha mwembe. Cha mbambakofi ni Sh1,200.

Nilipouliza ufunguo uko wapi, alicheka. "Ukitaka ufunguo, dada, nunua sanduku." Kisha akachomoa penseli nyuma ya sikio akaniuliza nanunua nini na pesa hizo. Nikamwambia oveni ya gesi. Bei? Nikamtajia ile niliyoambiwa dukani. Lini? Nikasema inshallah. Akasema inshallah ni kwa Mungu, yeye ataka mwezi.

Hapo ndipo kibubu hiki kilipoanza kazi, kabla sijatia hata senti. Oveni hiyo nimeitaja tangu kitinda mimba wangu hajaanza chuo cha Kurani, na sasa anasoma juzuu ya pili. Hakuna aliyewahi kuniuliza mwezi. Nikapiga hesabu papo hapo: Maulidi yetu huwa Mfungo Sita, wageni wanajaa mtaa mzima hadi msikiti wa Riyadha, na kila nyumba inatafuta mikate ya sinia na keki za kuandalia chai. Oveni ikifika baada ya hapo, mwaka umepita. Nikasema Mfungo Tano. Akaandika juu ya ubao wa kibubu: oveni, bei, Mfungo Tano. Basi kila anayeingia chumbani kwangu anasoma, na wifi zangu ni watu wa kusoma kwa sauti.

Mimi nauza mahamri na mbaazi barazani asubuhi, kwa hiyo pesa yangu huja kwa noti za hamsini na mia, nyingine zina mafuta ya kukaangia. Nikishatenga ya unga, nazi na iliki za kesho, inayobaki ndiyo ilikuwa ikipotea. Nikiituma kwenye simu, inakaa mpaka mtu apige kuomba umeme au nauli ya boti ya Mokowe, na kuitoa ni kubonyeza namba nne za siri. Na ukiwa na deni la mkopo wa simu, unachoweka kinakatwa kwanza kabla hujakiona. Kibubu kiko chumbani. Kukitoa, kutafuta nyundo, kukivunja watoto wanatazama: hiyo ni kazi, na uvivu ule ule ulionifanya nisianze sasa unanizuia nisitoe.

Najua mtasema kuna M-Shwari, akiba ya simu, tangu 2012, unafunga pesa hadi siku uliyochagua na unapata faida juu yake. Faida hiyo ndiyo wengi wetu huku hatuitaki, kwa sababu ya riba. Benki za kufuata sharia ziko Kenya tangu 2008, na pesa ikiwa nyingi nitaipeleka huko bila ubishi. Lakini sioni nani atapanga foleni benki na Sh150 zinazonuka kitunguu cha mbaazi.

Wifi yangu alichukua cha kufuli, fundi alimtengenezea kwa kununa. Nilimcheka mpaka mpwa wangu anayesoma uchumi Mombasa akaniharibia raha. Anasema watafiti wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, waligawa visanduku vya kufuli kwa watu wa magharibi mwa Kenya, waweke akiba ya matumizi ya afya. Utafiti ulichapishwa 2013. Waliokaa na ufunguo wao wenyewe walitumia zaidi kwa vitu vya kinga, kama chandarua, kuliko wasiopewa kisanduku. Walionyimwa ufunguo hawakuonyesha tofauti hiyo. Kumbe watu hawapendi kufunga pesa wasiyoweza kuifikia mtoto akiugua. Wifi amenunua sare za shule kwa chake na bado kinajaa. Nakubali, shingo upande: kwa dharura na vitu vidogo, chukua cha kufuli. Kwa kitu kimoja kikubwa ambacho umekisema miaka, chukua cha misumari.

Sasa kasoro. Tundu likiwa juu, mtoto mwerevu atavua noti kwa chelewa yenye ubani wa kutafuna kwenye ncha. Nawajua watoto werevu. Mwambie fundi aweke tundu ubavuni, na ndani apigilie kibao cha kuzuia. Pili, usichukue mwembe. Ni rahisi, lakini dumuzi anaupenda; asubuhi nilikuta unga wa mbao sakafuni, nikadhani ni wangu wa ngano. Noti zangu hazikuguswa, ila ndani ya kibubu cha jirani kulikuwa na ukungu, maana nyumba za mawe zikipata mvua za kusi zina unyevu wake. Ya tatu si kosa la fundi: pesa taslimu ikibadilishwa, kibubu hakina habari. Mwaka 2019 serikali iliondoa noti za zamani za elfu moja, mwisho Septemba 30, na hapa mtaani vilivunjwa vibubu ambavyo havijafika nusu. Kama unatia elfu elfu, sikiliza redio.

Mwenye mshahara nisingemshauri anunue. Huyo aiambie benki ikate kila mwezi kabla pesa haijamfikia mkononi. Hiki ni cha wenye kipato cha kila siku: mabaharia, wauza samaki, wasuka mikeka, sisi wa barazani. Na kama nyumbani kwako kuna mtu anayejua kung'oa misumari na kuirudisha, unamjua mwenyewe.

Changu nilikivunja Mfungo Tano, yaani Safar, ikiwa imebaki wiki. Hazikutimia zote; nilikopa iliyopungua kwa dada yangu, nikamlipa kwa keki za Maulidi. Oveni ina vyumba viwili, cha chini kinaunguza upande wa kushoto, lakini hiyo ni habari ya duka jingine.

Fundi utampata baada ya Alasiri. Asubuhi huwa Matondoni kwenye vyombo vya baharini, na Ijumaa hafungui. Nenda na bei ya kitu chako mkononi na mwezi wako kichwani, ataviuliza vyote viwili kabla hajagusa nyundo.