Kikokotoo cha siku za Schengen: uzoefu wangu

Kama una viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza fupi ya pamoja) ya kuingia mara nyingi na hujawahi kutumia kikokotoo cha siku kilicho kwenye tovuti ya Kamisheni ya Umoja wa Ulaya, kifungue leo. Ni cha bure. Unajaza tarehe za kuingia na za kutoka, nacho kinakuambia umebakiwa na siku ngapi za kukaa.

Nafanya kazi katika kampuni ya kusafirisha maua hapa Nairobi, na kazi hunipeleka Uholanzi mara kwa mara, kwenye mnada wa Aalsmeer na kwa wateja. Safari fupi fupi za namna hii ndizo hatari. Siku nne hapa, wiki moja pale, na hakuna anayehisi kwamba zinajumlishwa.

Sheria inasema usikae zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Neno la kushika ni hilo "zozote". Hesabu haianzi Januari, wala haianzi siku viza ilipotoka. Kila siku unapokuwa kule, unahesabu siku 180 kurudi nyuma, na ndani yake siku ulizokaa zisipite 90. Kutoka kwenda London au Istanbul kisha kurudi hakuanzishi hesabu upya. Tuseme mtu aliingia tarehe 1 Machi 2025 akatoka tarehe 29 Mei. Hizo ni 90 kamili. Kikokotoo kitamwambia arudi kuanzia tarehe 28 Agosti, si kabla.

Siku ya kuingia inahesabiwa nzima, na ya kutoka vilevile. Ukipanda ndege JKIA, uwanja wa Nairobi, usiku wa manane, unajaza tarehe ya kufika Schiphol, uwanja wa Amsterdam, asubuhi, si ile ya kuondoka nyumbani. Ukirudi kupitia Paris, kutoka kwako ni pale Paris unapopita kwa afisa wa mpaka. Nilikuwa nikisoma mihuri ya pasipoti moja moja, mingine imefifia hadi unaiinamisha kwenye mwanga. Tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza, kwa hatua, mfumo wa kielektroniki wa kurekodi kuingia na kutoka mahali pa mihuri, kwa hiyo atakayezidisha siku asitegemee muhuri uliofifia kumwokoa.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu kikokotoo hakijui stika yako ya viza kwenye pasipoti imeandikwa nini, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Stika ina tarehe za uhalali, na kando yake ina idadi ya siku za kukaa. Ni vitu viwili tofauti. Viza ya kuingia mara moja huongezewa siku 15 za uhalali ili safari ikisogea usikwame, lakini siku za kukaa zinabaki zilezile. Na viza ya mwaka mzima haikupi ruhusa ya kukaa mwaka mzima. Halafu hakina Kiswahili, na mama zetu wanaokwenda kulea wajukuu wanahitaji mtu wa kuwasomea.

Kwa anayekwenda kukaa zaidi ya siku 90, kikokotoo hiki si chake. Mpwa wangu anaomba nafasi ya chuo Ujerumani. Ajenti mmoja wa mjini alimshauri aingie kwa viza fupi, "atabadilisha huko huko", na alitaka alipwe kwa ushauri huo. Nilikasirika sana, na bado sijapoa. Mkenya anayekwenda kusoma Ujerumani anaomba viza ya taifa, aina ya D, akiwa bado hapa. Viza fupi ni euro 90 tangu Juni 2024. Ya D kwa Ujerumani ni euro 75, lakini mzigo wenyewe uko kwenye kuthibitisha fedha za kujikimu. Wengi huweka euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti iliyofungwa, inayomtolea mwanafunzi euro 992 kwa mwezi. Familia inahitaji kulijua hilo mapema, kabla ya kuuza ng'ombe au kuitisha harambee.

Na mwenye viza ya D ya Ujerumani asijaze siku zake za Ujerumani kwenye kikokotoo, maana haziingii kwenye zile 90. Atakitumia akienda kutembea Ufaransa, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen, ambako kikomo cha 90 kinamhusu kama sisi wengine.