Sanamu ya Mama Maria ya mpingo: tathmini ya kazi ya mchongaji wa Mtwara na ya umama aliouchonga

Baada ya malipo ya korosho ya msimu uliopita kutoka, akina mama wa jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Mtwara mjini tulikubaliana kuipumzisha sanamu ya plasta tuliyokuwa tukiizungusha nyumba kwa nyumba wakati wa rozari, ambayo rangi yake ya buluu ilikuwa imebanduka kwa hewa ya chumvi na vidole vyake kukatika kwa kubebwa, na kuagiza sanamu ya Mama Maria na Mtoto Yesu iliyochongwa kwa mpingo. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya jumuiya nyingine, vikundi vya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) na familia zinazofikiria kufanya hivyo. Nitaeleza habari za karakana, mti, bei na kasoro, kwa kuwa mnunuzi ana haki ya kuzijua, lakini nitakaa zaidi kwenye jinsi mchongaji alivyouelewa umama wa Maria, maana hilo ndilo lililotufanya tuizungumzie sanamu hii hata baada ya rozari kwisha.

Karakana yenyewe ni banda la makuti kando ya njia ya kwenda Mikindani, lisilo na kibao wala duka la mbele. Kazi inafanywa chini, kwa tezo, patasi na msasa, na wateja wanakaa kwenye benchi la mgeni huku vijana wakiendelea kuchonga. Fundi ni mtu wa makamo, asili yake ni upande wa Newala, mwenye maneno machache na usikivu mwingi. Tulimpelekea picha ya kalenda, Maria mwenye joho la buluu na Mtoto mkononi, tukamwomba aichonge vilevile. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza: “Akina mama, mnataka nimnakili huyu wa kwenye karatasi, au nimchonge mama ninayemjua?” Tulitazamana, na mwenyekiti wetu akamjibu kwamba achonge anayemjua, ila asisahau kwamba huyu ni Mama wa Mungu. Kwa maoni yangu, ubora wa huduma ya karakana ile ulianzia kwenye swali hilo, kwa sababu mafundi wengi huipokea picha, hutaja bei na kunyamaza.

Kuhusu mti, ni vizuri mnunuzi ajue anachonunua. Mpingo halisi una kiini cheusi kilichozungukwa na tabaka la nje la rangi ya krimu, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na hukua polepole mno, hata mti mmoja huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa. Ndiyo maana zipo sanamu zinazouzwa kwa jina la mpingo ambazo ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Fundi huyu alitupatia kisu na kuturuhusu tukwangue chini ya kitako, na weusi ulikuwa wa mti wenyewe. Isitoshe, aliiacha sehemu ya tabaka la nje kwenye ukingo wa kanga ya Maria, hivyo nguo ina pindo jeupe lisilopakwa chochote. Ni uamuzi mzuri sana, na umefanywa kwa unyenyekevu wa mtu anayeujua mti wake.

Sanamu ina urefu wa sentimita 40 hivi. Maria amesimama wima, miguu peku, amejifunga kanga na kujitanda nyingine kichwani. Mtoto yumo mgongoni, kwenye mbeleko, lakini hakulala: ameinua kichwa na kuegemeza shavu karibu na sikio la mama yake, kana kwamba anamwambia jambo. Maria ameinamisha kichwa upande huo. Mkono wa kulia umegeuzwa juu, kiganja wazi, kuelekea kwa Mtoto, na wa kushoto umelegea ubavuni. Uso hautabasamu wala haulii. Ni uso wa mtu anayesikiliza, na sikio lile la upande wa Mtoto limechongwa kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote kwenye sanamu nzima.

Wamakonde wana hadithi ya asili yao ambayo wachongaji hupenda kuisimulia: mtu wa kwanza aliishi peke yake, akachonga umbo la mwanamke, akalisimamisha usiku nje ya nyumba yake, na kulipokucha likawa mwanamke hai, ndiye mama wa kabila. Ukoo kwa jadi umehesabiwa upande wa mama. Kwa hiyo huku kwetu umama haukuhitaji kuletwa na wamisionari ili uheshimiwe, kwa kuwa waliukuta umekaa kwenye kiti chake. Lakini heshima hiyo ina upande unaoumiza, nao tunaujua sote tunaokaa vibarazani: inahesabu tumbo. Mwanamke aliyezaa ana jina, anaitwa mama fulani, na asiyezaa anaulizwa maswali kila sherehe, mpaka anaacha kuhudhuria.

Imani Katoliki inasema jambo jingine juu ya umama, na nimeliona jambo hilo kwenye sikio la sanamu hii. Katika Injili ya Luka sura ya 11, mwanamke mmoja katika umati anapaza sauti akilisifu tumbo lililomchukua Yesu na matiti yaliyomnyonyesha, naye Yesu anajibu kwamba heri zaidi ni wale wanaolisikia neno la Mungu na kulishika. Wapo wanaolisoma jibu hilo kama kwamba Bwana anamshusha mama yake. Mapokeo ya Kanisa yamelisoma kinyume: hakuna aliyelisikia na kulishika neno hilo kama yeye, na Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba Maria alimchukua Kristo moyoni kwa imani kabla ya kumchukua tumboni. Basi kilicho kikubwa zaidi katika umama wake ni ile “ndiyo” aliyomjibu malaika Nazareti, na kuzaa kulifuata. Mchongaji ambaye ameweka nguvu yake yote kwenye sikio, na tumbo akalifunika kwa mikunjo ya kawaida ya kanga, ameisema katekesi hiyo kwa tezo.

Hapo ndipo umama unapokuwa wito ulio wazi kwa wengi zaidi ya waliojifungua. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1988 juu ya hadhi na wito wa mwanamke, aliuweka umama na ubikira pamoja kama njia mbili za wito huo, akaeleza kwamba mwanamke aliyewekwa wakfu naye ni mama kwa namna ya kiroho, kwa kuwa anawapokea watu wote, hasa wahitaji, kama mama anavyompokea mwanawe. Sisi wa kusini tumeliona hilo kabla ya kulisoma. Ni akina mama wangapi wa Masasi, Nachingwea na Lindi vijijini waliojifungua katika hospitali za Ndanda au Nyangao mikononi mwa masista ambao wenyewe hawakuzaa? Sista Thekla Stinnesbeck, daktari Mbenediktini aliyetumikia Ndanda kwa miaka mingi, hakuwa na mtoto wake, na watoto waliovuta pumzi ya kwanza mbele yake hakuna awezaye kuwahesabu leo.

Katika jumuiya yetu yupo mwanamke mwenzetu aliyeolewa miaka mingi bila kupata mtoto, ambaye amewalea wa ndugu zake na wa majirani. Sanamu ilipofika nyumbani kwake, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona sikio. Aliligusa, akasema, “Huyu mama anamsikiliza mwanawe. Hilo hata mimi naliweza.” Hakuna aliyemjibu, wala hapakuwa na haja ya kumjibu.

Nisingependa mtu adhani kwamba nausifu umama wa sanamu hii kwa sababu ni mpole. Upole wa Maria umetumiwa vibaya mara nyingi, na wakati mwingine na sisi wenyewe, pale mwanamke anayepigwa au kutelekezwa anapoambiwa avumilie kwa kuwa Mama Maria naye alivumilia. Injili ya Yohane inasema kwamba penye msalaba alikuwa amesimama. Mwanamke aliyeimba kwamba Mungu amewashusha wenye nguvu katika viti vyao na kuwakweza wanyonge si mfano wa kunyamaza mbele ya udhalimu. Ndiyo sababu nimefurahi kwamba fundi hakumpigisha magoti wala hakumwinamisha shingo kama aliyeonewa. Magoti yamenyooka, nyayo zimekanyaga. Kichwa kimeinama kwa Mtoto tu.

Hata hivyo, palitokea ubishi wa haki kuhusu Mtoto kuwekwa mgongoni. Mama mmoja mzee, ambaye ameshika rozari tangu kabla Jimbo la Mtwara halijaundwa mwaka 1972, aliitazama sanamu kwa mbele na kusema hakuridhika: “Mtoto amejificha. Mama bila Mtoto tutamjuaje?” Amegusa jambo zito kuliko ladha. Mtaguso wa Efeso, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 431, ulipothibitisha kwamba Maria anaitwa Mama wa Mungu, ulikuwa ukilinda ukweli juu ya Mwana, kwamba aliyezaliwa naye ni Mungu kweli, na heshima ya mama imetoka hapo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulikataa kumwandikia Maria hati ya peke yake, ukaweka mafundisho juu yake ndani ya hati ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, ili asitazamwe mbali na Kristo na waamini. Sanamu inayomwonyesha Maria peke yake kwa yule aliyekaa mbele yake ina upungufu, na mzee wetu alikuwa na sababu.

Jibu langu kwake, ambalo naliandika hapa kama sehemu ya tathmini, ni kwamba sanamu hii imechongwa ili izungukwe. Katika jumuiya hatukai kwenye safu, tunakaa duara, na meza iko katikati. Aliye upande wa kulia anamwona Mtoto usoni, aliye nyuma anaona mgongo wake mdogo ndani ya mbeleko, na aliye mbele anaona kiganja cha mama kinachomwelekeza atazame nyuma. Ukiiweka ukutani au kwenye dirisha la kanisa, Mtoto anapotea kweli. Kwa hiyo naipendekeza kwa nyumba na jumuiya, na siipendekezi kwa kanisa au kikanisa ambacho sanamu itatazamwa kwa upande mmoja. Wa huko wamwambie fundi amweke Mtoto ubavuni au mikononi, naye anaweza, maana nimeziona kazi zake nyingine.

Kasoro zipo. Kazi ilichelewa kupita tulivyoahidiwa, na hatukupewa taarifa mpaka tulipokwenda wenyewe. Kitako kilikuwa hakijasawazishwa vizuri, sanamu ikawa inacheza mezani, na fundi alikirekebisha bila malipo, lakini ilibidi turudi. Upo ufa mwembamba kama unywele upande wa chini wa kanga, ambao alisema ulitokana na mti kutokukauka vya kutosha, akatuelekeza tuupake mafuta kidogo na kutoiweka sanamu juani. Uzito nao si wa kupuuzwa: kuipandisha bodaboda ukiwa umeipakata ni kazi, na bibi wa miaka sabini hataibeba peke yake hadi nyumba ya jirani. Tulilazimika kuishonea mfuko wa kitenge wenye mikanda miwili. Ushauri wangu ni kwamba kagueni kila kitu kabla ya kumpelekea Paroko aibariki, kwa sababu kitu kilichokwisha kubarikiwa hakirudishwi dukani kama sufuria.

Bei ilikuwa shilingi 350,000, nusu ikitangulia. Kwa kuilinganisha na plasta ni ghali, na kwa kuilinganisha na kazi iliyofanyika naiona ni halali, hasa ikizingatiwa uchache wa mti na kwamba fundi analipa vijana. Familia moja haitaimudu kwa urahisi. Jumuiya inayochangishana inaweza.

Mzee wetu ametoa ombi ambalo limekubaliwa na wote: sanamu ya pili, ndogo zaidi, ya Maria penye msalaba, ili Mwana awe mbele ya macho. Papa Paulo wa Sita alimtangaza Maria kuwa Mama wa Kanisa tarehe 21 Novemba 1964, na Papa Fransisko mwaka 2018 aliiweka kumbukumbu yake Jumatatu baada ya Pentekoste, na asili ya jina hilo tunaipata pale msalabani, alipokabidhiwa mwanafunzi kuwa mwanawe. Tungependa kuwa nayo siku hiyo. Fundi amekubali, ila amesema lazima kwanza apate gogo lililokauka, na safari hii tumeandikiana tarehe. Anayetaka kazi kama hii kwa ajili ya mwezi wa Mei aende kuzungumza naye mara tu baada ya Krismasi, na ampelekee jina la tukio la Injili analotaka lichongwe kuliko picha ya kalenda.