Shokapu za nyuma za pikapu: za oili au za gesi?
Kwa Hilux inayoshusha machungwa kutoka Muheza hadi Tanga mjini, shokapu za oili zinatosha. Bei yake nafuu, na gari likiwa tupu halikurushi sana. Ila ukipanda milimani Amani ni habari nyingine: kona, mawe, makorongo. Huko oili hupata moto, ikachanganyika na hewa na kutoa povu. Shokapu inalegea, nyuma kunaanza kudunda. Za gesi zina naitrojeni inayoigandamiza oili isifanye povu, ndiyo maana hazilegei upesi. Ni ngumu kidogo, na mfukoni zinauma. Ningefunga hizo. Lakini fundi asikwambie zitainua gari lililolala kwa mzigo. Hiyo kazi ya springi. Badilisha zote mbili pamoja, ya kushoto na ya kulia, na bushi (raba za kwenye ncha za shokapu) uzitazame.