Maji ya kuchovya fedha: nyota nne kwa pete, nyota moja kwa mitali ya bibi

Ni ile chupa ya mdomo mpana, mililita mia mbili na kitu, yenye kikapu kidogo cha plastiki ndani cha kuteremshia pete na herini. Majina yake ni mengi, lakini ukigeuza lebo unakuta kitu kile kile: thiourea na tindikali, na sabuni kidogo, na manukato ya kuficha harufu. Kwa hivyo yanayosemwa hapa ni ya aina nzima ya maji haya, si ya kampuni moja. Chupa na chupa hutofautiana kidogo tu. Kinachotofautiana sana ni kile unachokitia ndani. Pete nzima ya fedha 925 (sehemu 925 za fedha kati ya 1000) isiyo na kito: nyota nne. Mitali (mapambo ya kifundo cha mguu), vikuku na mirashi (vyombo vya kunyunyizia marashi) ya zamani inayouzwa mitaa ya Gizenga na Hurumzi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, au iliyolala kwenye makasha ya nyumbani: nyota moja, nayo ni kwa sababu maji haya kweli yanaondoa weusi.

Weusi wa fedha si uchafu. Ni fedha yenyewe iliyoshikana na kibiriti upele, atomu mbili za fedha kwa moja ya kibiriti, na kitu hicho kinaitwa salfaidi ya fedha. Kibiriti hicho huja na hewa, zaidi kwa umbo la hidrojeni salfaidi, gesi ya harufu ya yai viza, na kabonili salfaidi (kaboni, oksijeni na kibiriti), ambayo haisikiki puani kwa kiasi kilichomo hewani lakini fedha inaijua. Hapa visiwani gesi ya yai viza haina uhaba: tope la mikoko maji yakitoka, mwani uliolundikana ufukweni ukaoza, makaro. Ongeza unyevu wa masika, na kazi inakwenda mbio. Ukitazama kwa makini utaona rangi zinavyopishana utando unapozidi unene: kwanza njano kama dhahabu hafifu, halafu kahawia, halafu buluu ya zambarau, mwisho nyeusi. Rangi hizo ni muhimu unapoamua kununua chupa hii au la, maana fedha iliyo bado njano haihitaji tindikali hata kidogo.

Nyumba zilizopakana na bahari zina jambo la ziada. Chumvi ya upepo huacha kloridi, na kloridi ya fedha huonekana kama ukungu wa kijivu unaogeuka zambarau ukipigwa na mwanga. Maji haya yanaiondoa nayo.

Yanafanyaje kazi? Watu wengi wamejaribu ndimu na jivu wakashangaa kuwa sinia ya shaba inang'ara na kikuku kinabaki cheusi. Sababu ni kwamba tindikali ya ndimu inatosha kuyeyusha kutu ya kijani ya shaba, lakini fedha na kibiriti wameshikana kwa nguvu kupita kiasi, na tindikali peke yake haiwatenganishi. Hapo ndipo thiourea inapoingia. Ni molekuli ndogo sana: kaboni moja katikati, naitrojeni mbili pembeni, na atomu moja ya kibiriti iliyochomoza. Ni yurea ile ile ya mbolea, ila penye oksijeni pamewekwa kibiriti. Gramu 76 za thiourea zina gramu 32 za kibiriti. Kibiriti hicho kina elektroni za kutoa, na fedha inazipenda kuliko inavyopenda maji au kloridi. Molekuli tatu za thiourea huizunguka ayoni moja ya fedha (atomu iliyopoteza elektroni) na kuishusha majini. Wakati huohuo tindikali inakichukua kibiriti kilichoachwa na kukigeuza hidrojeni salfaidi, ambacho kinaruka. Ile harufu ya yai viza inayopanda unapochovya ndiyo kazi yenyewe inayofanyika. Kimoja kikikosekana, tindikali au thiourea, weusi hauondoki.

Thiourea si uvumbuzi wa jana. Emerson Reynolds, mkemia wa Ireland, aliipata mwishoni mwa miaka ya 1860 kwa kupasha moto thiosianeti ya amonia hadi atomu zake zikajipanga upya. Ni njia ile ile ambayo Friedrich Wöhler aliipatia yurea mwaka 1828. Nguvu ya kitu hiki juu ya fedha haitokani na ukali. Inatokana na kibiriti kimoja kilichokaa mahali pazuri.

Namna ya kuyatumia ili yasikuharibie. Kwanza osha pambo kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, uondoe mafuta ya mwili na udi, kwani penye mafuta maji hayagusi na utapata madoa. Vaa glavu za nitraili. Keti penye dirisha wazi. Usichovye ndani ya chupa yenyewe: mimina kidogo kwenye bakuli la glasi au plastiki, kamwe si la bati wala si kwenye sinki la chuma, kwa sababu tindikali hula chuma. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kilowanishe, pitisha juu ya weusi kwa mizunguko midogo. Utaona kahawia inakimbia mbele ya pamba kama wino unaofutwa, na nyuma yake fedha nyeupe inatokeza. Hilo huchukua sekunde 5 hadi 10. Penye weusi mzito, pita mara mbili au tatu ukisuuza katikati. Usiache kitu kimelowa dakika nzima ukitumaini kitazidi kung'ara, maana hakitazidi. Kinachofuata baada ya weusi kwisha ni fedha kuliwa.

Lawama ya kwanza ndiyo hiyo. Maji haya hayajui kutofautisha weusi na fedha iliyo chini yake. Weusi ukiisha, thiourea na tindikali, zikisaidiwa na oksijeni ya hewani, zinaendelea taratibu kuila fedha yenyewe na shaba iliyochanganywa ndani yake. Kwa macho hutaona shimo. Utaona mng'aro umegeuka mweupe uliokufa, kama glasi iliyosuguliwa mchanga. Hapo hakuna dawa ila kusugua upya, na kusugua ni kupunguza fedha tena.

Lawama ya pili ni kubwa zaidi kwa hali ya hewa yetu, na wauzaji hawaisemi. Thiourea inayoishika fedha iliyoyeyuka inaishika pia fedha iliyobaki kwenye pambo. Usiposuuza vya kutosha, utando wake unabaki juu, na ndani yake mna kibiriti tayari. Watunzaji wa makumbusho wamelichunguza jambo hili na kuona kuwa fedha iliyochovywa inaweza kurudia weusi haraka kuliko iliyosuguliwa kwa unga laini. Ndiyo sababu ya kilio cha kila siku: "Nilikisafisha wiki ile, mbona kimeshakuwa cha manjano?" Unyevu wa hapa unaizidishia kasi hali hiyo.

Kwa hivyo kusuuza ndiyo nusu ya kazi. Maji yanayotiririka dakika mbili au tatu, halafu bakuli la maji safi, ubadilishe mara mbili. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai kwa suuzo la mwisho, kwa kuwa yanaacha kloridi ile ile tuliyokuwa tukiikimbia. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa safi au maji yaliyotoneshwa. Ukinunua yale ya vituo vya mafuta, soma chupa mara mbili: maji ya kuongezea betri na asidi ya betri hukaa rafu moja. Kausha kwa kitambaa cha pamba, kisha kwa hewa ya uvuguvugu, hasa kwenye minyororo na bawaba. Ukiona unga mweupe kwenye pembe za nakshi siku ya pili, hiyo ni thiourea iliyokauka, rudia kusuuza.

Sasa vitu vya kutovitia kabisa. Mitali na vikuku vya mviringo vyenye uwazi ndani ni vya mwanzo kuepukwa. Vina vitundu vya sindano na nyufa za kuungia, maji yanaingia na hayatoki, halafu yanavuja taratibu kwa miezi na kuacha mstari wa kahawia palepale. Chenye nakshi zilizotiwa weusi kwa makusudi nacho kiache: sonara aliutia weusi ule ili maua yaonekane, na maji haya yatauondoa ndani ya sekunde, kikuku kibaki cheupe mithili ya bati. Lulu na marijani ya fedhaluka zimejengwa kwa kalsiamu kaboneti, sawa na mawe ya kuta za Mji Mkongwe. Ukitaka kujua zitafanywa nini, dondosha tone moja juu ya kipande cha chokaa na utazame povu. Feruzi, pembe na kaharabu pia hazivumilii. Jambia lina chuma kwenye bapa, mbao na ngozi kwenye ala, na fedha juu yake. Tone likipenya chini ya fedha huwezi kulitoa.

Kuna pia suala la madini. Fedha nyingi za zamani za pwani hii na Oman zilifuliwa kutokana na riale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria zinazoandikwa 1780 hata zikipigwa lini. Riale moja ina gramu 28 na kidogo, na fedha ni sehemu 833 kati ya 1000. Nyingi ya iliyobaki ni shaba. Shaba zaidi ina maana ya kitu zaidi cha kuliwa na tindikali. Vitu vilivyopakwa fedha juu ya shaba ni hatari kuliko hivyo: utando wa fedha ni mwembamba, na ukishatoboka rangi nyekundu inachungulia.

Je, kuna badala? Ile njia ya foili ya alumini, maji ya moto na bekingi soda, kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita, inafanya kazi kwa alumini kumpa fedha elektroni ili aachane na kibiriti. Haili fedha, na bei yake ni ya chai. Kasoro zake: inasafisha zaidi panapogusana na foili, inaacha uso uliofifia, inaondoa weusi wa nakshi vilevile, na vitu vyenye uwazi ndani vinajaa maji hayo ya bekingi soda. Dawa ya meno ni mbaya, kwani unga wake unakwaruza. Chaki ya skuli usiitumie. Nyingi ni jasi, tena ina chenga. Kinachofaa kwa fedha za thamani ni kalsiamu kaboneti laini ya dukani kwa mfamasia, ikorogwe kwa maji mpaka iwe uji mzito, ipakwe kwa pamba na isuguliwe kidogo kidogo. Ni kazi ya nusu saa badala ya sekunde kumi, na ndiyo ninayoishauri kwa mitali ya bibi bila kusita.

Na pesa ya chupa hii, kwa maoni yangu, ingefaa zaidi kununulia krimu ya kusugua yenye thioli. Hapo kibiriti hichohicho kinageuka mlinzi. Thioli ni mnyororo wa kaboni wenye kibiriti na hidrojeni kwenye ncha moja. Mnyororo ukiwa na kaboni 16 hadi 18, ile ncha ya kibiriti inajishika kwenye fedha na mikia ya mafuta inasimama nje, bega kwa bega kama miti ya msonobari, ikizuia maji na gesi zisifike. Utando wote ni unene wa molekuli moja, kama nanomita 2, hauonekani kabisa. Hausimamishi weusi milele, ila unauchelewesha, na katika nyumba zisizo na kiyoyozi kuchelewesha ndiko kunakookoa fedha. Baada ya hapo weka pambo kwenye mfuko wa polithini wa kufunga kwa zipu pamoja na pakiti ya silika ya kunyonya unyevu. Mpira wa kufungia noti usiukaribishe, wala kitambaa cha sufu: vyote vina kibiriti.

Kwa atakayeinunua hata hivyo: angalia lebo ina neno thiourea au thiocarbamide, au namba 62-56-6. Chupa isiyotaja kilichomo iache dukani. Umoja wa Ulaya umeiorodhesha thiourea miongoni mwa vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani na kudhuru mimba, kwa hivyo mjamzito asiishike, na chupa isikae jikoni. Isikutane na jiki hata tone: tindikali na jiki hutoa gesi ya klorini. Maji ya chupa yakigeuka meusi au yakichukua nusu dakika kufanya kilichokuwa cha sekunde tano, yamejaa fedha na yamechoka. Ukichovya shaba humo inaweza kutoka na utando wa fedha usioutaka. Usiyamwage chooni, kwani thiourea huwazuia bakteria wanaobadili amonia na huwadhuru viumbe wa majini, na makaro mengi ya mjini yanaishia baharini. Yafunge katika chupa yake ya plastiki, andika juu yake kilichomo, uyapeleke kwa sonara anayekusanya mabaki ya fedha.