Kozi ya Kiingereza ya jioni hapa Ligula: nimesoma miezi miwili, sasa nasema

Ada ni shilingi 35,000 kwa mwezi, siku nne kwa wiki, saa kumi na moja na nusu jioni mpaka saa moja usiku. Darasa lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba ya kawaida mitaa ya Ligula: mabenchi sita, ubao na feni moja. Mwalimu ni mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama. Naandika kwa sababu kila siku naulizwa kama hapa Mtwara kuna mahali pa kujifunza Kiingereza cha kazini. Papo.

Mimi ni karani kwa wakala wa forodha. Msimu wa korosho ukianza, Oktoba hiyo, barua pepe za wanunuzi wa India na Vietnam hazikatiki: idadi ya magunia, uzito, namba za makontena. Msimu uliopita ilikuja moja imeandikwa "Please concur with the figures below." Nikadhani wanataka tuhesabu upya. Nikawapigia vijana wa ghalani, wakashusha magunia, siku nzima ikapotea. Kumbe wenzetu walitaka niwajibu tu kama hesabu yao na yetu ni moja. Mzigo ulichelewa na bosi alikasirika, na alikuwa na haki. Wiki ile ile nikaenda kujiandikisha.

Wiki ya tatu niliichapisha ile barua pepe nikampelekea mwalimu. Akaacha somo alilopanga, jioni yote ikaishia kwenye neno moja tu, concur. "Mwanangu, hebu lisome." Nikalisoma kama tunavyosoma maneno yetu, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: KONka. Akaandika ubaoni concur, chini yake akaandika conquer. "Ulilotamka ni hili la chini. Hili ni kuteka nchi." Kisha akagonga meza kwa kifutio, pigo dogo halafu pigo kubwa. Silabi ya kwanza iguswe tu, ya pili ndiyo ibebe uzito na ivutwe. Tukagonga mabenchi wote, dogo, kubwa, dogo, kubwa, mpaka mama mwenye nyumba akaja kuchungulia mlangoni.

Halafu maana. Neno limetoka kwenye Kilatini, kukimbia pamoja. Akatuonyesha kwamba kozi na koridoo, maneno tunayoyatumia kila siku, yanatoka kwenye kitenzi hicho hicho cha kukimbia. Mama mmoja anayeuza vitenge sokoni akauliza, "Shikamoo mwalimu, kwani si kukubali tu?" Mzee akamjibu kwa swali: "Marahaba. Nani kamkubalia nani?" Hapo ndipo nilipoona ninapata thamani ya hela yangu. Mwenye duka akikubali kukukopesha, concur haiingii, hiyo ni ruhusa. Lakini wewe ukipima gunia, na mwenzio akalipima kivyake, mizani zote mbili zikasema jambo moja, hapo mmeafikiana. Kwa hiyo kinacholibeba kwa Kiswahili ni ile -ana ya mwisho: kubaliana, afikiana. Mimi nimekulia Tandahimba, kwenye korosho, ugomvi wa mizani naujua tangu utoto. Sikuhitaji mfano wa pili.

Mfano wa pili aliutoa hata hivyo, wa mambo ya mahakamani, na ulikuwa mzuri. Majaji wakiwa zaidi ya mmoja, mmoja huandika hukumu ndefu, na mwenzake anayeona vilevile anaweza kuongeza mstari mfupi tu: "I concur." Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi za nyuma ziko kwa Kiingereza, na mzee amezichapa kwa miaka. Anakuambia bila kuangalia popote kwamba mtu au maoni yanatanguliwa na with, uamuzi unatanguliwa na in, na kwamba wakati uliopita unaandikwa kwa r mbili, concurred. "I am concur" akilikuta kwenye daftari lako, unaandika upya ukurasa mzima.

Nilipolizoea nikalipenda kupita kiasi. Nikamwandikia mwenzangu wa ofisini kwamba I concur, twende tukale ming'oko saa saba. Mwalimu alilikata kwa kalamu nyekundu, pembeni akaandika agree. Akasema neno hili ni la barua, kikao na hukumu, na mtu wa karibu ukimwandikia hivyo anaona umemweka mbali. Nimekaa kwenye semina za ofisi zaidi ya moja, na hakuna aliyewahi kunifundisha neno halafu akanifundisha na pa kutolitumia.

Kasoro zipo. Karatasi za mazoezi anatoza shilingi 500 kila moja, na nyingine zimefifia huwezi kuzisoma. Anachanganya anayeanza na anayejua, hivyo wanaoanza wanabaki wanaangalia ubao. Mara mbili tulianza karibu saa kumi na mbili tukimsubiri. Kama hujui Kiingereza kabisa, tafuta kwanza mtu wa kukupa msingi, halafu uje.

Februari ile barua pepe ilirudi, kampuni nyingine, maneno yale yale. Nikafungua karatasi ya ghala, nikalinganisha mstari kwa mstari. Namba ya kontena moja ilitofautiana kwa tarakimu ya mwisho. Nikajibu kwamba tunaafiki idadi na uzito, ila kontena la nne hapana, we do not concur, na nikaeleza kwa nini. Baada ya dakika ishirini wakarekebisha.

Ukienda, beba barua moja ya kazini kwako, ndiyo atakayokufundishia. Na uwahi benchi la pili kushoto, feni inafika hapo tu.