Uzoefu wangu: seti mbili za ringi ndani ya Hiace moja

Nina Hiace ya dizeli, injini aina ya 3L, inapiga ruti ya Moshi na Marangu. Mwaka jana injini ilifunguliwa mara mbili ndani ya miezi minne, na mara ya pili chanzo kilikuwa ringi za pistoni tulizofunga mara ya kwanza (pete za chuma zenye mkato, zinazoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda).

Seti ile niliichukua kwa mangi mmoja wa spea kwa sababu moja tu: bei haikufika nusu ya nyingine. Fundi akazifunga siku hiyohiyo. Jioni gari likawaka, tukapongezana.

Wiki ya tatu, kutoka Himo kupanda, nikaanza kuona moshi wa bluu kwenye kioo cha pembeni. Oili nikawa naongeza lita moja kila siku tatu. Ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, inakupumulia usoni. Julai ndiyo ilinimaliza. Dizeli haina cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Hewa ikivuja, joto halifiki, na baridi ya Marangu alfajiri mnaijua. Kuna siku akina mama wa sokoni walishusha mikungu yao ya ndizi ili gari liwe jepesi, tusukume.

Nikampelekea mzee mmoja fundi, Majengo. Akapima kompresheni, yaani nguvu ya hewa inapobanwa: silinda ya tatu ilikuwa nyuma sana ya wenzake. Akadondoshea humo oili kidogo mno (kwenye dizeli nafasi ya juu ni finyu, ukimimina nyingi unavunja kitu), akapima tena, geji ikapanda. "Valvu hazina kosa," akasema, "oili imeziba pale ringi iliposhindwa."

Alipofungua akanionyesha ringi ya pili kutoka juu. "Hii umefungiwa kichwa chini, mdogo wangu." Ringi ile uso wake umelala kidogo, ukingo wa chini ndio unaogusa ukuta na kukwangua oili kuirudisha chini. Ukiigeuza, inaikwangua kwenda juu, ikaungue. Kuna alama ndogo pembeni ambayo lazima itazame juu. Hilo ni kosa la fundi wa kwanza, si la ringi.

La ringi lilikuja baadaye. Alichukua ringi ya juu, akaiingiza kwenye silinda peke yake, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha akapenyeza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) pale ncha zinapokutana: milimita 0.9. Hesabu yake ni kama 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo, na silinda ya 3L ina kipenyo cha milimita 96, kwa hiyo alitegemea karibu 0.4. Zikibana kupita kiasi nako ni hatari: ringi ikipata moto inatanuka, ncha zinagongana, inachuna ukuta.

Seti ya pili nilinunua ya Riken, kampuni ya Japani. Ncha zilisoma 0.4. Ringi ya juu ina tumbo dogo usoni, na mzee akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: si unyumbukaji wa chuma peke yake unaoziba. Gesi ya mlipuko inashuka nyuma ya ringi na kuisukuma iukandamize ukuta. Ndiyo maana alinikataza kuliacha gari likiunguruma bure siku za mwanzo. Nipakie mzigo wa wastani, nipande, niachie, nipande tena, ringi zikae. Kabla ya kufunga alihoni silinda, yaani aliikwaruza kidogo kwa jiwe la kusagia, maana ukuta ulikuwa unang'aa kama kioo na oili haishiki hapo. Ncha za ringi akazipishanisha, zisipange mstari mmoja.

Sasa ni miezi saba. Asubuhi linawaka kwa mara ya kwanza, moshi hakuna, na mlima wa Marangu nautoka na gia moja juu ya niliyokuwa natumia. Oili naongeza kidogo tu kabla ya sevisi. Kero yangu ni bei, pamoja na siku tatu za kulaza gari kwa sababu mzee hakubali kuharakishwa. Na boksi lifungulieni palepale dukani, mtafute ile alama kwenye ringi ya pili. Seti yangu ya kwanza ilikuwa nayo kwenye mbili tu kati ya ringi za pili nne, moja kwa kila pistoni.